Papa Leo wa Tano na Ufunguo wa Kigango

8 Machi, Jumapili

Nimechaguliwa mwenyekiti wa kigango. Sikuomba, na nilipoambiwa nisimame nilidhani wanataka nifunge dirisha.

Ilikuwa hivi. Kigango chetu ni kidogo, kipo pembezoni kabisa mwa Temeke, ambako lami inakoma na mabonde yanaanza. Padre huja kutoka parokiani anapopata nafasi; Jumapili nyingine tunasali wenyewe. Kwa hiyo mwenyekiti ndiye mwenye nyumba. Anashika ufunguo wa ukumbi, anaamua nani aingie na kwa shughuli gani. Kiti hicho kiligombewa tangu Krismasi. Upande mmoja ulikuwa wa Gibson, wakala wa forodha kule Kurasini, mwenye ghorofa juu ya kilima. Upande wa pili ni wa waliohamia zamani, ambao hawaipendi sauti ya Gibson. Leo walibishana mpaka padre akatazama saa. Ndipo katibu wetu, Benson Kihwele, akasimama.

"Jamani, mnagombania mfupa," alisema. "Mpeni huyu Mngoni. Kundi hana, na meno yenyewe yamebaki ya kuchekea tu."

Watu wakacheka, mikono ikapanda, ikawa imekwisha.

Naeleza kwa ajili ya wajukuu zangu, waliokulia Mikocheni na wasioyajua mambo haya. Mimi ni Mngoni wa Songea; Benson ni Mhehe wa Iringa. Babu zetu walipigana vita mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, kukupokonya kofia msibani, kukalia kiti chako mpaka umkomboe kwa kitu kidogo, na wewe usikasirike. Anayemkasirikia mtani ndiye anayeaibika. Nilipohamia huku baada ya kustaafu ualimu, Benson alikuwa mtu wa kwanza kunitukana, na kwa hiyo ndiye rafiki yangu wa kwanza.

11 Machi

Joto. Hakuna wingu. Mke wangu Eufrazia sasa ananiita "Baba Askofu", na bado ananituma chumvi dukani.

15 Machi, Jumapili

Tangu Papa wa sasa ajichagulie jina la Leo, watu wanauliza hao akina Leo waliotangulia walikuwa nani. Padre aliniomba, kwa kuwa nilifundisha historia, niwaeleze mmoja mmoja baada ya ibada. Wa kwanza alikuwa rahisi: ndiye aliyetoka kwenda kumlaki Atila na kumsihi arudi nyuma. Wa pili hakumaliza mwaka. Wa tatu alimvika taji Karolo Mkuu. Wa nne alijenga ukuta kuizunguka Vatikano. Nilitaka kumruka wa tano, maana habari zake hazijazi ukurasa.

"Huwezi kuruka mtoto wa tano ukamtaja wa sita," alisema Eufrazia. "Mama yake atauliza."

Basi nimeanza kumtafuta. Yanayojulikana ni haya. Mwaka 903 Roma ilikuwa imegawanyika vibaya. Ugomvi wenyewe ulihusu marehemu: Papa Formoso, ambaye maiti yake ilikuwa imefukuliwa, ikavikwa mavazi, ikaketishwa kitini na kuhukumiwa. Waliomtetea na waliomlaani hawakuweza kukaa meza moja. Kiti kilipobaki wazi, akachaguliwa padre wa kijijini, karibu na Ardea, kusini mwa mji. Hakuwa mmoja wa mapadre wa Roma. Mwandishi mmoja wa wakati ule anamsifu kuwa mtu wa Mungu, mwenye maisha ya kusifika. Akakaa kitini mwezi mmoja, labda na siku chache. Kisha padre mmoja wa Roma, jina lake Kristofa, akamkamata, akamtia gerezani, akakaa mahali pake.

Ni hayo tu. Hata wazazi wake hatuwajui. Nilimsimulia Benson tulipokuwa tukikunja viti.

"Basi mimi ndiye Kristofa wako," alisema. "Ujihadhari, Mngoni."

"Kristofa hakuwa Mhehe. Mbwa wa Roma walikufa kwa uzee."

Wahehe tunawatania kwamba wanakula mbwa; alicheka mpaka akashika ukuta.

21 Machi

Mvua imeanza, na Idi imeingia nayo. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani vilianza pamoja, lakini wenzetu wamemaliza kwanza. Mwajabu alituletea pilau chini ya mwavuli. Ni Mzaramo, jirani yetu wa bondeni, anaishi kando ya mto na baba yake, Mzee Hija. Ukoo wao ulikuwapo hapa kabla mtaa haujapata jina.

"Mwalimu, shikamoo. Najua nyie bado mwafunga, lakini pilau halina dini," alisema.

Eufrazia alisema tutaliombea ruhusa.

28 Machi, Jumamosi

Mvua ya tangu alfajiri. Saa nne asubuhi mto ulipanda ukaingia katika nyumba za bondeni. Mwajabu alipandisha kilima huku amemshika baba yake mkono, nyuma yao kina mama na watoto, magodoro vichwani. Nikafungua ukumbi.

Sikuona kuwa ni jambo la kufikiria. Ukumbi uko juu, una paa, na mimi nina ufunguo. Lakini Gibson alikuja na gari, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Mzee wangu, hii ishu ungetushirikisha. Vigae vipya hivi. Na Jumamosi ya baada ya Pasaka kuna watu wa harusi."

"Wa harusi watakuja wakavu," nilisema. "Hawa wamekuja wameloa."

Benson ndiye aliyenisaidia siku nzima. Alibeba godoro la Mzee Hija kichwani, akamwekea mbali na mlango, akamtania kuwa Wazaramo wanapenda maji mpaka wanayakaribisha ndani. Mzee Hija, ambaye anasikia kwa shida, alicheka kwa kuona Benson anacheka. Jioni maji yalipungua na watu wakarudi kupiga tope deki.

Tulipobaki wawili Benson alisema, "Gibson hatakusamehe."

"Atazoea."

"Wewe hujui watu wa hapa, Mngoni. Wewe ni wa kuja."

Nilifurahi kuwa na mtu wa kuniambia hivyo.

31 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Nimesoma jambo la kuchekesha juu ya Leo wangu. Huko Bretanya, pwani ya Ufaransa, walikuwa na mtakatifu wao wa kale, Tugdwali, ambaye kwa lugha yao walimwita kwa cheo cha heshima kinachofanana na neno papa. Karne zilipopita watu wakaanza kusema kuwa aliwahi kwenda Roma kuhiji, njiwa akatua juu yake, akafanywa Papa kwa jina la Leo. Wengine wakamtambua kuwa ndiye huyu wa tano. Si kweli, wametengana kwa mamia ya miaka. Lakini nawaelewa. Mtu asiye na historia yake hupewa ya mwingine ili asikae uchi.

5 Aprili, Pasaka

Sikukuu njema. Padre alisalisha, mvua ikatupa nafasi, tukala nje chini ya maturubai. Kwaya ilikuwa imeshona sare mpya za kijani. Mwajabu na wenzake wa bondeni walialikwa, wakaja na maandazi.

Katikati ya chakula Benson alinyanyuka, akanipigia saluti, akaninyakulia ufunguo wa ukumbi kutoka kiunoni. "Serikali ya Wangoni imeanguka!" alipaza sauti. "Kuanzia leo kigango kiko mikononi mwa Wahehe!" Akauning'iniza ufunguo juu, akazunguka nao meza hadi meza. Kina mama walipiga vigelegele. Mimi nilifanya kama inavyopasa: nikapiga magoti, nikainua mikono, nikasema, "Nimesalimu amri, mkuu. Chukua vyote, niachie mke."

"Mke huyo sitaki, anapika mbichi!"

Eufrazia alimrushia ganda la ndizi. Padre alicheka mpaka akatoa leso. Sijapata kucheka hivyo tangu nihamie huku.

Desturi inataka mtani akae na kitu siku moja mbili, kisha aje akidai fidia, kwa kawaida kuku. Eufrazia ameshachagua jogoo mwenye kelele, apate kumwondoa uani.

7 Aprili

Mvua. Benson hajaja.

9 Aprili

Benson hajaja. Eufrazia anasema jogoo amejua na amenyamaza.

11 Aprili, Jumamosi

Harusi imefanyika ukumbini. Muziki ulitikisa mabati. Benson alikuwa mlangoni, amevaa suti, akipokea wageni. Nilimpungia mkono kutoka barabarani naye akanipungia. Nilidhani atakuja kesho.

12 Aprili, Jumapili

Alikuja ibadani, akakaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Watu wakatabasamu. Mimi pia nilitabasamu, nikakaa benchi la pili. Utani mzuri huenda mbali kidogo.

14 Aprili, Jumanne

Lazima niandike kwa utaratibu, maana kichwa changu hakina utaratibu.

Asubuhi padre alinipigia simu. Alitaka kunishukuru. "Mzee, si wengi wanaoachia wenyewe," alisema. "Na umefanya kwa furaha, mbele ya watu wote. Benson aliponieleza kuwa ulikusudia, ila hukutaka hotuba, nilisema huyo ni Mwalimu kweli. Nimeshamthibitisha kwa barua. Wewe pumzika."

Nilisema, "Asante, Padre." Mtu aliyefundisha miaka yote ile, na neno pekee alilolipata ni asante.

Nilishuka kwa Benson. Nilimkuta barazani akipunga upepo kwa gazeti. Aliponiona alifungua mikono.

"Karibu, mkimbizi! Umeleta kuku?"

"Benson, padre amenipigia."

"Enhe."

"Amesema nimeacha uenyekiti."

"Si uliacha? Ulipiga magoti kabisa. Ulisema, chukua vyote. Kina mama wana picha kwenye simu."

"Ule ulikuwa utani."

"Ndiyo," alisema, akicheka. "Sasa Mngoni, umekasirika? Tangu lini mtu akamkasirikia mtani?"

Nilimtazama nikaelewa kazi ilivyofanywa. Nikilalamika, mimi ndiye mzee asiyejua mila, aliyekasirishwa na mchezo wa Pasaka. Nikinyamaza, nimekubali. Hakuhitaji askari kama Kristofa. Alihitaji nicheke tu, na nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

Hapo aliacha kucheka. "Nimekuwa katibu wa wenyeviti wote wa kigango hiki," alisema. "Wote. Wanapogombana mimi ndiye ninayesuluhisha, wanaposahau mimi ndiye ninayekumbuka. Niambie, Mngoni, kuna siku hata moja mtu alisimama akasema, mpeni Benson?"

"Ungesimama wewe ukajisemea. Ningekupigia kura."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nilikuweka wewe kwanza. Hawa wasingenipa kiti; wewe usingeninyima."

Nimerudi nyumbani. Eufrazia alinisikiliza mpaka mwisho. Alitoka kwenda uani na baadaye nikasikia jogoo akipiga kelele. Tumekula jogoo sisi wenyewe. Alikuwa mgumu.

15 Aprili

Nimejaribu kumwandika Leo wa Tano na sikuweza. Kila mahali wanaandika "Kristofa akamwondoa", kama mtu anavyoondoa kikombe mezani. Hakuna anayesema kama walikuwa wakila pamoja. Wako wanaodhani kuwa Kristofa alikuwa karibu naye, padre wa nyumbani mwake. Kama ni kweli, basi mgeni yule kutoka kijijini alikuwa na mtu mmoja wa kumwonyesha njia za jumba lile, milango na watu wake, na ndiye huyo.

18 Aprili

Mvua. Ukumbi umefungwa kufuli jipya, kubwa. Watu wananipa pole kwa sauti ya chini kisha wanacheka kidogo, wakidhani bado tunataniana.

23 Aprili, Alhamisi

Mto umepanda tena, na mara hii haukutoa taarifa. Ilikuwa yapata saa tatu asubuhi. Nilisikia kelele bondeni, nikavaa mabuti, nikaenda ukumbini kwa mazoea. Mwajabu alikuwa ameshafika na watu wengi kuliko mara ya kwanza. Walikuwa wamejibanza chini ya upenu wa mbele, ambao hauna upana wa kumfunika mtu na mguu wake. Mzee Hija alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, shuka imemgandia mwilini.

"Mwalimu, fungua," alisema Mwajabu.

Nikamwambia sina ufunguo.

"Anao nani?"

"Benson."

"Si ule wa mchezo?"

Nilimpigia Benson. Alikuwa Buguruni, alikokwenda kununua mapambo ya kipaimara, na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Alisema barabara imefungwa na maji. Nilimwomba aniruhusu nivunje kufuli.

"Mngoni, mle ndani kuna viti vya kukodi na mazulia ya watu. Vikipotea nitajibu nini? Nisubiri, nakuja."

"Mzee Hija analoa, Benson."

"Nakuja, nimesema."

Kuna jambo nataka lieleweke na atakayesoma. Nilikuwa na haki ya kuvunja lile kufuli. Kila mtu pale angenisaidia. Lakini nilisimama nikifikiri kwamba mimi si mwenyekiti, kwamba padre amethibitisha kwa barua, kwamba watasema mzee amelipiza kisasi. Mwajabu hakufikiri hayo. Alizunguka nyuma, akachukua jiwe la kufulia, akavunja kioo cha dirisha, akamsukuma binti mwembamba wa jirani aingie afungue komeo la mlango wa nyuma. Yote hayo yalimchukua muda mfupi kuliko simu yangu. Lakini mvua ilikuwa imeshamnyeshea Mzee Hija tangu alipotoka kwake, na alipoingizwa ndani meno yake yalikuwa yakigongana kwa sauti ya kusikika.

Tulimvua, tukamfunika kwa zulia la harusi.

Benson alifika alasiri. Aliangalia kioo, akaangalia zulia. Mwajabu alikuwa akimpangusa baba yake uso.

"Mtani wa Mwalimu," alimwambia bila kuinua macho, "mie si Mngoni wala si Mhehe. Mie huna ruhusa ya kunichezea."

25 Aprili

Mzee Hija amelazwa. Mapafu. Nimekwenda kumwona, alinishika mkono lakini sina hakika kama alinijua.

26 Aprili, Jumapili

Gibson alikuja baada ya chakula cha mchana, na matunda kwenye kikapu cha plastiki. Hajawahi kukanyaga kwetu. Alimwamkia Eufrazia vizuri, akakaa ukingoni mwa kochi.

"Mzee wangu, mambo ya Alhamisi yametuumiza wote," alisema. "Nimeongea na padre. Jumapili ijayo kuna kikao. Wewe simama tu, dakika mbili, useme ulivyofanyiwa. Mengine nimeshayapanga."

"Mengine yapi?"

"Uongozi wa muda. Mpaka mambo yatulie."

"Na ukumbi? Mto ukipanda tena?"

"Hilo tutaweka utaratibu. Fomu maalumu, mtu anaomba mapema."

Eufrazia alikohoa akaenda jikoni. Nilimtazama Gibson nikaona kwamba ana furaha. Anaificha vizuri, lakini gharika ile imemfaa kuliko kampeni ya mwaka mzima.

Alipoondoka nilirudi kwenye vitabu, nikaandika kipande kilichobaki. Kristofa hakukaa sana. Alikuwapo mtu wa tatu, Sergio, aliyewahi kukitaka kiti akafukuzwa, akakaa uhamishoni akingoja. Mwanzoni mwa mwaka 904 alirudi na watu wenye silaha. Alimtoa Kristofa akamtia gerezani, na wengi wanaeleza kuwa Leo alikuwa bado yumo mle mle. Mwandishi mmoja anadai Sergio aliamuru wote wawili wanyongwe. Wengine wanasema hapana. Lakini kwa muda fulani, mrefu au mfupi, mgeni yule na aliyempindua walikuwa nyuma ya mlango mmoja.

29 Aprili

Mvua ndogo. Eufrazia ameniuliza Jumapili nitasema nini. Nimesema sitasema kitu. "Ulisema asante kwa padre," alisema. "Hiyo asante usiiseme tena."

3 Mei, Jumapili

Kikao kilijaa. Gibson alizungumza kwa huzuni nzuri. Alitaja kioo, zulia, mgonjwa hospitalini, jina la kigango lililochafuka. Benson alikaa mbele peke yake, suti ile ile ya harusi. Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Sikutaka kuwa jiwe mkononi mwa Gibson.

Lakini padre alinigeukia. "Mwalimu," alisema, "nataka kusikia kwako. Siku ya Pasaka ulikabidhi, au hukukabidhi?"

Mabati tu ndiyo yaliyosikika. Benson aliinua uso akanitazama, na naapa kwamba macho yake yalikuwa na utani ndani. Alikuwa akiniomba niseme jambo la kuchekesha. Tungecheka wote, yangekwisha.

"Alininyang'anya kwa utani," nilisema. "Nikacheka. Nikamngojea aje achukue kuku. Hakuja."

Hakuna aliyecheka. Nadhani ni mara ya kwanza katika kigango hiki mtu kulisema jambo la mtani wake kwa uso mkavu, mbele ya padre. Bibi mmoja wa Iringa aliyekuwa nyuma yangu alivuta pumzi kama aliyechomwa sindano.

Benson ameondolewa katika uenyekiti na ukatibu pia. Gibson ameshika kwa muda. Hakuna aliyependekeza jina langu, na sikutegemea. Tulipotoka padre alinipa mkono, akasema ukweli huweka huru. Sikujisikia huru. Nimemsema mtu kwa haki, na aliyefaidika ni yule aliyetaka watu wasiingie tangu mwanzo.

9 Mei

Mvua zinakwenda ukingoni. Mzee Hija amerudi nyumbani, amekonda, hatoki nje. Kwenye mlango wa ukumbi limebandikwa tangazo: maombi ya matumizi yawasilishwe wiki moja kabla.

"Nitauandikia mto barua," alisema Mwajabu.

13 Mei

Jua siku nzima. Nimeanua nguo zilizonuka uvundo wa mwezi mzima.

17 Mei, Jumapili

Hatimaye nimemsimulia Leo wa Tano. Walibaki watu wa kutosha kujaza mabenchi matatu, wengi wakingoja jua lipungue. Gibson alikaa mbele. Benson, ambaye hakuwa amekuja tangu kikao kile, aliingia nimeshaanza, akakaa kiti cha karibu na mlango.

Niliwaambia yote, kama nilivyofundisha zamani: yanayojulikana kwanza, kisha yanayodhaniwa, kisha uongo mzuri wa Bretanya, ambao waliupenda kuliko ukweli. Niliwaambia kwamba kwa hesabu za sasa Kanisa linamtambua Leo kuwa Papa halali, na Kristofa linamhesabu kuwa mnyakuzi, ingawa kwa karne nyingi majina yote mawili yaliandikwa katika orodha moja. Niliwaambia jinsi Sergio alivyorudi. Sikumtazama Gibson niliposema hilo, na nilijitahidi pia nisionekane nakwepa kumtazama. Kisha nikauliza kama kuna swali.

"Lipo," alisema Benson kutoka nyuma. "Huyo Kristofa alipoingizwa gerezani, akamkuta Leo mle. Walisemezana nini?"

Vichwa viligeuka.

"Hakuna aliyeandika," nilisema. "Wenye kalamu walikuwa nje."

"Wewe unadhani?"

Kwa maisha yangu yote nimewaambia wanafunzi kwamba mwanahistoria hadhani. Si kweli, anadhani kila siku, ila hudhania kwa adabu.

"Nadhani aliyetangulia kuingia alikuwa ameshajua mahali paa linapovuja," nilisema. "Na hakumwambia mwenzake."

Padre hakuwapo, kwa hiyo tulifunga kwa sala wenyewe. Nje jua lilikuwa kali na madimbwi yalikuwa yakitoa mvuke. Benson alikuwa amesimama kwenye njia ninayopita. Amepungua. Alinisubiri nikaribie.

"Mngoni," aliniita, "masomo yako marefu hivyo, ndiyo maana babu zako walifika Songea wamechelewa!"

Akasimama, kichwa ameinamisha upande mmoja, akingoja. Nilikuwa na jibu. Jibu zuri, lenye mbwa ndani yake na bibi yake pia. Lilikuja lenyewe mpaka kwenye ulimi. Ningelitoa, angeshika ukuta kwa kicheko, na watu wangesema watani wamepatana. Nilifikiri juu ya Mzee Hija kwenye ile ndoo. Nilifikiri pia juu yangu mwenyewe nikiwa nimepiga magoti, nimefurahi.

"Habari za mchana, Bwana Kihwele," nilisema. "Nyumbani hawajambo?"

Sijapata kuona maneno ya adabu yakimfanya mtu arudi nyuma hatua nzima.

"Hawajambo," alisema. Kisha akasema neno ambalo hajawahi kuniambia tangu tufahamiane, kwa sababu hakuwahi kuwa na haja nalo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," nikaitikia, nikampisha apite.